Jalada la Daftari la Hesabu

Asubuhi ile tulikunywa chai kama siku zote, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye benchi langu la kazi. Alikuwa ameshavaa gauni la bluu la ofisini. Redioni Rais alikuwa akisema hawajui watu walioingia kwa siri nyumba za majaji na kuficha vinasa sauti. Alisema hata mwandishi wa gazeti aliyetoweka, habari zake alizisikia kama sisi tulivyozisikia. Ameunda tume ichunguze.

“Amekohoa mara mbili,” mke wangu akasema.

“Nani?”

“Mkubwa. Akikohoa hivyo, jua hataki kuulizwa.”

Nikacheka. Akanikumbusha soli za viatu vya jirani, akaenda kazini. Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida.

Mke wangu alikuwa mfagiaji Ikulu. Miaka kumi na tisa. Alianzia ngazi za nje, wakampandisha mpaka ofisi ya Rais mwenyewe kwa sababu hakuwa na maneno. Mtaani walimwita Mama Kufuli. Wakimwuliza huko ndani kukoje, alijibu, “Kuna vumbi.”

Kitu kimoja tu alileta kutoka huko: karatasi tupu. Wakubwa hutupa karatasi safi kwa sababu ya doa la chai, na yeye hilo lilimuuma. Zilizoandikwa aliziingiza kwenye mashine ya kukatakata, kama alivyoagizwa. Zisizo na kitu alikuja nazo nyumbani, msimamizi wake akijua. Mimi ni fundi viatu. Nilizitoboa kwa sindano ya ngozi, nikazishona kwa uzi wa nta, zikawa madaftari ya mjukuu wetu na watoto wa majirani. Ile karatasi nzito, ya rangi ya maziwa, tuliifanya jalada. Hiyo ilitoka chumba kimoja tu.

Siku ile ile, saa kumi, alikuja mwalimu wa mjukuu wetu. Alikuwa ameficha daftari la hesabu ndani ya koti. Mvua ilikuwa imemnyeshea mtoto njiani, jalada likalowa, likafunguka. Kumbe zilikuwa karatasi mbili, zimegandishwa na chai ya sukari. Nje tupu. Ndani zimeandikwa.

Mwalimu alisoma polepole. Zilikuwa nyumba za majaji, mtaa kwa mtaa, na tarehe za kuingia. Chini kabisa, kwa mkono, wino wa kijani: “Sawa. Huyo wa gazeti naye msimwache.”

Mke wangu akaketi. “Madoa ya wino huo nayasugua mimi mezani kwake,” alisema. “Hakuna mwingine anayeutumia.”

Niseme na langu. Siku niliposhona daftari lile, vidole viliniambia karatasi ni mbili. Mtu aliyekata ngozi miaka arobaini hadanganyiki kwenye unene. Nikafurahi tu kwamba nimepata jalada gumu. Wala nisingeweza kusoma kilichokuwamo, herufi mke wangu alinifundisha baadaye. Lakini ningemwambia, angezibandua, angezitia kwenye mashine, na leo angekuwa hapa.

“Mama,” mwalimu akasema, “tume inaanza Jumatatu. Karatasi peke yake watasema ya kutengeneza. Anatakiwa mtu aseme ilitoka chumba gani.”

“Na mtu huyo ni nani?” nikauliza, nikijua.

Mke wangu alikuwa akikausha daftari kwa pindo la gauni.

Alipeleka jina lake tume siku ya pili. Siku ya tatu gari jeupe likasimama ng'ambo ya barabara. Akashuka kijana mpole, ana kiatu kimoja mkononi, cha kushoto, kipya.

“Shikamoo mzee. Hiki kina tatizo gani?”

Nikakigeuza. “Marahaba. Hakina tatizo.”

“Kiangalie vizuri. Na mama yetu naye mwangalie vizuri. Nitakifuata Jumatatu.”

Kiatu kile kilikaa kwenye rafu yangu siku tatu. Nilishona nikikipa mgongo. Kila mlango wa gari ulipofungwa nilijidunga kidole.

“Sema karatasi uliiokota barabarani,” nikamwambia mke wangu. “Ni neno moja tu.”

“Fundi, yule mwandishi ana mama yake.”

“Na mimi nina nani?”

Hilo lilimchoma. Nilimwona. Akachukua kitambaa, akafuta meza ambayo ilikuwa imeshafutwa.

Jumatatu alivaa gauni lile lile la bluu. Akakitoa kiatu rafuni, akavuka barabara, akagonga kioo cha gari. “Mwanangu, kiatu chako. Fundi anasema ni kizima.” Yule kijana alikipokea kwa mikono miwili, kama amepewa na mama yake.

Ukumbini nilikaa nyuma. Wakili wa Rais alimtazama akatabasamu.

“Mama, umesoma mpaka darasa la ngapi?”

“La nne.”

“Na unataka tume iamini kwamba unazijua karatasi za Rais?”

“Karatasi zake sizijui. Najua takataka zake.”

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

“Kila chumba nakijua kinatupa nini,” akaendelea. “Karatasi nzito hii inatupwa chumba kimoja tu, ofisini kwa Rais. Ndoo yake naimwaga mimi, hana mtu mwingine. Mume wangu alishona tu. Hakujua kusoma.”

Mwenyekiti akamwomba arudie, karani aandike. Akarudia.

Walimwachisha kazi siku ile ile. Baada ya miezi miwili Rais aliachia madaraka. Mwandishi hajaonekana mpaka leo. Mama yake alikuja kwetu mara moja, wakakaa na mke wangu wameshikana mikono.

Wiki ya tatu baada ya Rais kuondoka, mke wangu alianguka bombani akiteka maji, hakuinuka tena. Daktari alisema ni moyo. Huenda. Sikubishana naye. Ila hadi sasa gari likipunguza mwendo hapo nje, sindano yangu inasimama.

Siku ile ya tume tulirudi kwa miguu. Gari jeupe lilikuwa nyuma yetu, taratibu, hatua kwa hatua. Nikamvuta mkono, nikamwambia akaze mwendo. Hakukaza. Hakugeuka hata kutazama. Aliniambia hivi:

“Miaka kumi na tisa nimetembea nyuma yao na ufagio, Fundi. Waache na wao watembee nyuma yangu kidogo.”