Kesho Kura, Leo Piko

Ilianza Jumatano, saa tisa na nusu alasiri, uani kwa shangazi, Msambweni, nikiwa nimepakata mguu wa mwanamke asiyesalimiana na mama. Alikuwa amenipa mguu tu. Uso aliupeleka upande wa jikoni.

Nieleze. Mama ni mwenyekiti wa kina mama wa chama chetu katika wadi, na kesho yake ulikuwa uchaguzi mdogo wa mwakilishi wa wadi. Kwenye mchujo wa chama, mama alimuunga mkono mwalimu mstaafu. Shangazi, dada yake baba, alimuunga mkono mwenye duka la saruji. Mwalimu akashinda. Mwenye saruji alimpa mwenzake mkono siku ile ile, wakanywa chai pamoja. Wanawake ndio hawakupeana mkono na mtu. Shangazi alitangaza kwenye darsa ya kina mama, tena baada ya dua, kwamba siku ya kura watu wake watalala hadi adhuhuri, wakiamka wataoga, na wakimaliza kuoga watalala tena.

Mama hakulala kwa maneno hayo. Kila jioni alikuwa akizitaja nyumba za upande wa shangazi, moja moja, kuanzia njia ya hospitali hadi ufuoni, kisha anasema, "Wakilala hawa, kiti kimekwenda." Na kikienda, hatalaumiwa mwalimu. Atalaumiwa mwenyekiti aliyeshindwa kupatana na wifi yake. Aliitisha mkutano wa umoja. Wakaja waliokuwa na umoja tayari.

Kilichomwokoa ni arusi. Binti ya shangazi alikuwa anaolewa Jumamosi, na kwetu unaweza kukataa mkutano, hata chai unaweza kukataa, lakini hukatai kuitwa kwenye hina ya mtoto wa wifi yako. Utasemwa mpaka Kinondo. Basi upande wa mama wote wakaja, upande wa shangazi ndio wenyeji, na mchoraji nikawa mimi.

Naipenda kazi ya hina kwa sababu haitaki maneno. Niko kidato cha tatu, na nikiulizwa swali darasani sauti yangu bado hutoka kama ya mbu aliyefungiwa chupani. Lakini nikishika koni ya hina, wanaotulia ni watu wengine. Maua nayachora kwa hina. Ncha za vidole nazipaka piko, ile rangi nyeusi, mpaka kiungo cha kwanza. Piko likishakauka halitoki upesi, hata ulie.

"Anza na watu wangu," mama aliniagiza. "Wametoka mbali."

Walikuwa wametoka ng'ambo ya barabara.

Ilitandikwa mikeka miwili, na katikati pakabaki njia ambayo hata kuku waliiogopa. Mama na shangazi walikaa kila mmoja kwenye pembe ya mkeka wake, wangeweza kugusana magoti, lakini maneno yao yalipitia kwangu.

"Mwambie wifi yangu chai iko tayari."

"Mwambie nimeiona."

"Mwambie chai haionwi, inanywewa."

Mimi sikumwambia mtu kitu. Niliinama nikachora. Nilipomaliza mkeka wa mama, nikaanza huu wa shangazi kwa miguu, na ndipo nikapakatishwa ule mguu wa yule bibi muuza samaki wa kukaanga, ambaye uso wake ulikuwa jikoni.

Hapo mama akasimama. Nilijua ndiyo shabaha yake tangu mwanzo: kina mama wote pale, waliochorwa wamelowa rangi, wasiochorwa wanangoja zamu, hakuna wa kuinuka akaondoka. Akatoa simu, akasoma maelezo ya wapiga kura kwa sauti yake ya mkutanoni.

"Ukifika kituoni, karani ataangalia vidole vyako kuhakikisha havina alama ya wino. Ukimaliza kupiga kura, utapakwa wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Mmeelewa?"

"Tumeelewa!" waliitikia watu wake, mikono wameinua juu ili piko likauke, kila mmoja vidole kumi, vyeusi tititi.

Nilivitazama vile vidole. Nikamtazama mama, naye alikuwa anavitazama kwa furaha. Nikafungua mdomo. Ikatoka pumzi.

Mbele ya watu wengi namna ile, ungenipa hukumu ya kunyongwa nisingejitetea. Kwa hiyo nikafanya nililoliweza. Nilipofika kwenye mikono ya upande wa shangazi, kila mkono wa kushoto nikauacha kidole kidogo kitupu. Nikapaka vinne, nikahamia kwa mwingine.

Muuza samaki ndiye aliyegundua. "Mwanangu, umenisahau kidole."

Nikatikisa kichwa.

"Hukusahau? Basi kipake."

Nikatikisa tena. Akamgeukia jirani yake. "Hebu nione chako." Jirani akaonyesha. Na wa pili yake akaonyesha. Kisha wote kwa pamoja wakageuka kuutazama mkeka wa mama, ambako vidole vilikuwa vimekamilika.

"Aaa!" shangazi akainuka. "Tuliambiwa mchujo umekwisha. Kumbe unaendelea vidoleni! Piko nimelinunua mimi, ua ni wangu, mwari ni wangu, na bado tunabaguliwa!"

"Wifi, wallahi mimi sijui lolote," mama akasema. Kwa hasira zile hakuna aliyetambua kwamba ndilo neno la kwanza kumwambia moja kwa moja tangu mchujo.

"Umemfunza mtoto!"

"Mtoto gani wa kufunzika, huyu? Shikamoo yenyewe anaisema hadi leo kama anameza kidonge!"

Wote wakanikodolea macho.

"Wino," nikasema.

"Nini?"

"Wino wa kura. Kidole."

Shangazi akamnyang'anya mama simu, akaishika mbali na macho yake, akasoma tena kimoyomoyo huku midomo ikicheza. Akakitazama kidole chake kitupu. Akaitazama mikono ya mkeka wa pili. Kicheko alichokitoa kilimtoa mwari chumbani alikofichwa.

"Astaghfirullah! Wifi! Umewafungia watu wako wote nje! Sasa chama ni sisi. Mkitaka kura hata moja, njooni mtubembeleze!"

Mkeka wake wote ukaangua kicheko. Mama alikaa chini, akajifunika uso kwa mikono yake mizuri, na mabega yakaanza kutikisika, nasi tuliomzoea tukajua hacheki. Muuza samaki akaacha kucheka kwanza. Shangazi akasimama akimtazama, kisha akapiga ukelele kuelekea jikoni, "Leteni ndimu! Na majivu! Na mafuta ya taa!"

Akavuka ile njia ya katikati. Akaushika mkono wa mama kama anayemshika mwizi.

"Lete hapa."

Watu wake nao wakavuka, kila mmoja akachukua mkono wa mtu aliyekuwa hamsalimii. Walisugua kwa ndimu, wakasugua kwa majivu. Vinywa havikupumzika.

"Polepole, wifi! Nitahesabia nini ukinimaliza kidole?"

"Kuhesabu hujui tokea zamani. Tuliona kwenye mchujo."

"Tuliwashinda kwenye mchujo!"

"Ndivyo ninavyokwambia."

Piko halikutoka. Ngozi ya pembeni ilisafika, na lenyewe likazidi kung'aa. Magharibi ilipoadhiniwa shangazi akakata shauri. "Kesho nakwenda kituoni, na watu wangu wote. Nitapiga kura yangu, lakini haswa nataka nikuone kwa macho yangu unavyorudishwa."

Watu wake waliafiki kwa sauti kubwa. Hakuna aliyetaja kulala. Miezi yote ile mama aliwatafutia sababu ya kujitokeza, akawapa barabara, akawapa maji, akawapa heshima ya chama. Hakuwa amewapa kitu cha kutazama.

Asubuhi nilimfuata mama kwenye shule ya msingi, nimembebea maji. Mlango ulikuwa haujafunguliwa. Upande wa shangazi walikuwa mbele kabisa ya foleni, wamejipamba. Upande wa mama walikuwa nyuma, mikono ndani ya mabuibui, na wawili walikwishaanza kunong'ona kwamba heri warudi nyumbani kuliko kuaibishwa mbele ya watu.

Msimamizi wa kituo, mama mmoja wa bara, akatoka mlangoni. "Kuna mtu yeyote ako na swali kabla tuanze?"

Wanawake walionipasua masikio jana, hakuna aliyetoa sauti. Nikamtazama mama. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Nikaenda mbele. Nikaushika mkono wa kushoto wa shangazi, nikauinua. "Shikamoo. Hili ni piko, si wino. Ni la arusi. Huyu nilimwachia kidole. Wale wa nyuma sikuwaachia."

Msimamizi akawaita mawakala wa vyama waje watazame. Wakala wa chama cha pili akatikisa kichwa. "Tutajuaje kama hawajapiga kura tayari?"

"Wapige saa ngapi," shangazi akamkemea, mkono wake ungali juu, "na mlango hamjafungua?"

Wakala akafikiri. Msimamizi akacheka. "Hiyo nayo ni ukweli. Basi wale wako na vidole vyote vyeusi waingie wa kwanza, kabla mtu yeyote apakwe wino. Mmekubaliana?"

Mawakala wakakubaliana. Lakini wa kwanza alikuwa shangazi, aliyefika kabla ya jua ili asikose nafasi ile, na watu wake nyuma yake, na hakuna aliyesogea.

"Shangazi," nikasema, na safari hii hata waliokuwa langoni walinisikia, "tafadhali rudi nyuma."

Alinitazama sana. "Sauti hii ulikuwa umeiweka wapi?" Kisha akarudi nyuma hatua moja, akawasukuma wenzake kwa mgongo, nao wakarudi wakinung'unika.

Nikaenda nyuma ya foleni, nikamtoa mama mkono ndani ya buibui, nikampeleka mbele.