Mikeka Iliyokuwa Darini

Baba mdogo alitoka Nairobi, akaitazama nyumba ya mama yake kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, akatoa hukumu. Kama haitakuwa imekaa sawa kufikia Idi ya kuchinja, atamchukua mama yake wakaishi wote Nairobi, na hapo Isiolo atabomoa ajenge vyumba vya kupangisha kama vile vya mtaa wa Bulla Pesa. Ayeyo, maana bibi yetu tulimwita hivyo kwa Kisomali, alikuwa ameketi papo hapo akisikia kila neno. Mimi ndiye niliyesema, na nilisema mengi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, nikiishi naye, na hasira zangu zilijulikana mtaa mzima.

Nyumba hiyo ilijengwa na babu alipotoka jeshini, enzi za Mwingereza. Kuta za mawe na udongo, mabati mazito ambayo hata wakati huo yalishaadimika, milango ya mbao za mwangati. Wenyeji waliionyesha kwa wageni. Lakini kufikia mwanzo wa miaka ya themanini mchwa walikuwa wamekula boriti, na mvua ikinyesha tulikuwa tunahamisha vitanda.

Kumpata fundi kulinitoa jasho. Wa kwanza, mwashi, aliupiga ukuta kwa kiganja, akacheka, akaniuliza mbona nisinunue simiti nijenge nyingine. Wa pili aliondoka na mlango wa mbele ati akautengenezee kwake. Nilipochoka kungoja nilimfuata, nikamkuta mkewe ameulaza juu ya mawe, anauzia nyanya juu yake. Niliuchukua nikarudi nao. Nikadhani nimeshaona maajabu yote.

Wa tatu alikuwa seremala kutoka Meru, na mkono wake ulikuwa mzuri, hilo sitamnyima. Alitoa boriti zilizooza, akaweka mpya, akapiga mabati upya kwa utaratibu uliotuliza roho yangu. Jumamosi moja nikamwacha kazini, nikaenda sokoni.

Niliporudi nilimkuta uani akipika githeri ya mahindi na maharagwe, moto umekolea. Niliingia ndani, nikainua macho, nikaona mabati matupu. Chini ya mabati hayo, tangu nizaliwe, kulikuwa na mikeka minene iliyoshonwa, myeusi kwa moshi wa miaka. Sote tulijua imewekwa kuzuia joto. Nikatoka mbio.

"Mikeka iko wapi?"

"Ile takataka ya huko juu? Ilikuwa imejaa panya, mwalimu. Nimepikia. Inawaka vizuri sana."

Ayeyo alikuja akishikilia ukuta, akatazama juu, kisha akatazama moto. Nilishawahi kumwona akizika wanawe wawili bila kutoa chozi mbele za watu. Siku hiyo aliketi chini kwenye vumbi akalia kwa sauti.

"Ni herio yangu," alisema. "Mama yangu alinisukia."

Herio ni nyumba ya mikeka ya wafugaji, na kwao Ayeyo bibi arusi huja na nyumba yake, imeshonwa na mama na shangazi zake. Ni mali yake. Mume akitaka kuingia, anaingia kama mgeni mwema. Nililelewa chini ya nyumba ya arusi ya bibi yangu, nikaitazama kila usiku kabla ya kulala, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Seremala nilimtukana kwa lugha tatu, halafu nikamwambia amalize kazi, maana Idi ilikuwa inakaribia. Lakini Ayeyo alilala akageukia ukuta. Chai ilipoa kando yake, uji ukaganda. Nikaona wazi kwamba hata boriti ziwe za chuma, Baba mdogo akija atakuta mgonjwa, na atambeba bila mtu kumzuia.

Kwa hiyo nilianza upya kutafuta fundi, safari hii wa mikeka. Mjini kila mwanamke aliniambia mama yake alijua. Wao wenyewe walikuwa wanafunika nyumba kwa maturubai. Shule zilipofungwa nilipanda lori hadi Kinna, nikapata dada wawili wa Kiborana, watu wazima, ambao bado walikuwa wanajijengea nyumba za mikeka. Walikubali kuja, na mizigo ya nyuzi na fito zilizopindwa.

Siku ya kwanza Ayeyo alitoka kitandani kuwaambia kwamba wanashona vibaya. Siku iliyofuata alikuwa katikati yao, anagombana juu ya fundo, anakula. Mimi nilijificha jikoni nikalia kwa furaha.

Mikeka ilikamilika, na Baba mdogo akafika siku ya kuamkia Idi. Nilimtembeza chumba kwa chumba kwa maringo. Ilibaki dari tu. Seremala akapanda ngazi na misumari.

"Shuka," Ayeyo akamwambia.

Akawageukia wale dada, akawaonyesha mahali uani, nyuma ya nyumba. Walichimba, wakasimamisha fito, wakafunga, wakatandaza mikeka. Kufikia alasiri palikuwa na nyumba pale, duara, na mlango wake mdogo.

"Mama, hii ni nini?" Baba mdogo akauliza.

"Baba yako aliniambia mikeka ikae huko juu kidogo, askari wenzake wasimcheke. Kidogo, alisema. Nikangoja. Akafa nikingoja." Alikuwa anaburuta godoro lake mwenyewe na hakutaka kusaidiwa. "Nairobi siendi. Niko kwangu."

Aliinama akaingia. Nilitazama boriti zangu mpya, mabati, ule mlango nilioutoa kwenye nyanya. Nikaketi.

Baba mdogo aliinama penye ule mlango mdogo. "Na hii ya mawe, Mama? Mwalimu amehangaika nayo."

Jibu likatoka ndani ya mikeka.

"Bomoa ukitaka. Lakini fanya polepole, vumbi lisiniingilie."