Mama Kopo na Majibu Safi

Pale maabara walimwita Mama Kopo, na hakuwahi kununa. Kwa miaka kumi na tisa alipokea choo cha watu dirishani, kwenye vikopo vidogo vya plastiki vilivyoviringishwa kwa magazeti au leso, na kimoja kililetwa ndani ya boksi la saa, utadhani zawadi. Wanaume ndio waliozidi kwa aibu. "Lete, baba," aliwaambia. "Hata mabosi wanakwenda chooni."

Kazi yake ilikuwa kutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Kila mtu alipewa vikopo vitatu vya siku tatu tofauti, kwa sababu uvimbe kwenye utumbo hauvuji kila siku. Leo unatoa damu, kesho umetulia. Na upo usiovuja kabisa. Kwa hiyo hata mwenye majibu safi hakuondoka hivi hivi: "Ukiona mabadiliko, rudi. Usije ukasema Mama Kopo alikwambia uko mzima."

Maneno hayo hakuyafikisha nyumbani kwake.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa kumaliza kazi kwa mkupuo mmoja. Alipotimiza miaka hamsini, mkewe alimkabidhi vikopo vyake. Akavirudisha vimejaa, kila kimoja na tarehe yake kwa mwandiko mzuri. Mama Kopo akapima mwenyewe. Hakuna damu. Wakataniana kidogo, wakaendelea na maisha.

Miezi minne baadaye fundi akaanza kulalamika tumbo. Choo kikawa chembamba, mara kinafunga, mara anaharisha. Suruali zake mwenyewe akazipunguza kiuno mara mbili.

"Mke wangu, mbona naisha hivi?"

"Kipimo chako kilikuwa safi. Punguza mawazo."

Alimjibu hivyo si mara moja wala mbili, mtu mzima mwenye cheti ukutani.

Kamera ya kuchungulia utumbo ilipopitishwa hatimaye, uvimbe ulikuwa umeziba karibu njia yote, na saratani imeshafika kwenye ini. Daktari alieleza taratibu, Mama Kopo akiitikia kwa kichwa. Alitafuta machozi, hakuyapata. Kesho yake alikwenda kazini, akavaa glavu, akafungua dirisha.

Jumapili alikuwa akikunja nguo chumbani, mumewe amelala.

"Nina neno," fundi alisema. "Vile vikopo nilivijaza vyote asubuhi moja."

"Na tarehe?"

"Nilizitunga. Wateja walikuwa wananisubiri, na mimi kuingia chooni na kikopo siku tatu mfululizo, hapana. Nikaona kitambaa ni kilekile, ukikata kipande kimoja au vitatu." Akakohoa. "Kwa hiyo nimejimaliza mwenyewe."

Mama Kopo alishika shati alilokuwa akilikunja. Angeweza kunyamaza. Lawama yote ilikuwa imehamia kwa mwenzake, tena kwa hiari yake, na hakuna ambaye angekuja kumuuliza. Aliliona hilo vizuri kabisa, na halikumpa nafuu wala kumchoma.

"Hata vya siku tatu huenda visingeonyesha kitu," alisema, kwa sauti ileile anayosomea majibu dirishani. "Kipimo hiki hukosa, najua. Lakini uliponiambia unaisha, hapo ndipo palikuwa pa kukupeleka kwenye kamera, kipimo kiwe safi kisiwe safi. Nikakuambia upunguze mawazo."

Fundi alitazama dari.

"Nilianza kukwambia lini?"

"Miezi minane sasa."

"Minane," alirudia.

Kisha akajivuta polepole hadi upande wa ukutani, akimwachia mkewe nafasi. Mama Kopo akakaa, shati bado mkononi, akisubiri uchungu ufike.