Barua ya Tumsifu na Riwaya Yangu ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Vwawa nikiwa na viatu vya kuazima na cheti cha upigaji chapa nilichokikunja mara nne. Mkuu wa Masjala, yaani msimamizi wa chumba kinachotunza majalada yote ya ofisi, alinionyesha kiti na mashine nzito ya chuma, kisha akafunika mikono yangu kwa karatasi nisizione herufi.

"Piga," akasema.

Nikapiga mistari kumi. Akaisoma akiwa amesimama, akairudisha mezani.

"Vidole vizuri. Sasa nisikilize, binti. Hapa maneno si yako. Ukiona bosi amekosea tarehe, mwambie. Ukiona amekuwa mkali, nyamaza, piga."

Nilimtii kwa zaidi ya miaka thelathini.

Ninyi mnaofuta neno kwa kugusa kioo cha simu hamtaijua kazi ile, kwa hiyo nieleze kidogo. Barua ya nakala tatu ilihitaji kaboni mbili, karatasi nyeusi nyembamba zinazowekwa kati ya karatasi nyeupe ili pigo moja lifike mpaka ya chini. Ukikosea, umekosea mara tatu. Waraka wa kwenda kwa watu wengi tuliupiga kwenye stensili, karatasi yenye nta: tuliondoa utepe wa wino, herufi ikaitoboa nta, kisha tukaifunga kwenye mashine ya kudurufu na kuzungusha mkono wake mpaka bega linauma. Kosa la stensili lilipakwa dawa nyekundu, likapulizwa, likakauka, ndipo ukapiga juu yake. Wanangu walinijua kwa harufu ya dawa ile.

Baadaye nilihamishiwa Ileje. Nilipanga chumba kwa familia ya wakulima waliotoka Mbebe, watu wema waliokuwa wakiniletea viazi bila kuulizwa. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuumiza. Nilipasha vidole kwenye kikombe cha chai kabla ya kugusa mashine. Afisa Utumishi wa pale alisema Kiswahili akiwa na amani na Kindali, lugha ya kwao, akiwa na hasira, nami Mnyiha nisiyeijua nilikuwa nasubiri apoe ndipo niandike. Lakini ndiye aliyenipa kamusi ya ofisi niende nayo nyumbani. "Soma maana za maneno unayoyapiga," aliniambia, "usiwe kama mashine yako." Namshukuru hadi leo.

Ofisi ya tatu sitaitaja. Waliofanya kazi pamoja nami wengine wapo, na walichofanya ndicho kilichokuwa utaratibu wa nchi wakati ule. Siku moja bosi aliniletea rasimu fupi iliyoandikwa kwa mkono. Ilikuwa barua ya kumfukuza shule msichana wa kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Jina lake la kwanza lilikuwa Tumsifu, nalo kwenye rasimu lilikosewa herufi moja. Nikalirekebisha. Nikapiga nakala tatu: ya mzazi, ya shule na ya jalada. Nakumbuka, na sijivunii, kwamba siku ile nilijisifu moyoni kwa kuiona ile herufi.

Alikuja kuichukua na baba yake. Baba aliingia kusaini, yeye akabaki kwenye benchi karibu na dirisha langu. Bahasha ilipofika mkononi mwake aliifungua, akaisoma yote, akanitazama.

"Shikamoo mama. Nani ameandika hii?"

"Marahaba. Ofisi," nikamjibu.

Akaikunja vizuri, akashukuru. Alishukuru! Nikageukia mashine.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Chitete, nilikokwenda na kurudi kwa barabara ya vumbi kiangazi na tope masika, na nilikojifunza kompyuta nikiwa mtu mzima. Vijana wa ofisi walinifundisha kwa uvumilivu mkubwa. Nilistaafu, nikaagwa kwa keki na kitenge, nikarudi kwenye kahawa yetu Mbozi. Na pale shambani, mikono ikichuma buni, lile neno "Ofisi" likawa linanirudia. Hapo ndipo nilipoamua kuandika riwaya. Nilitaka isomwe na mabinti wa umri ule aliokuwa nao Tumsifu pale kwenye benchi.

Nilidhani itakuwa rahisi. Mtu aliyepiga chapa maneno mengi hivyo angeshindwaje kupanga ya kwake? Sentensi yangu ya kwanza, wasomaji wangu, ilikuwa hii: "Husika na maisha ya msichana aitwaye Rehema." Nilicheka mwenyewe mpaka kuku wakakimbia. Nikaichana, nikaanza tena. Kwa miezi mingi niliandika kwenye madaftari makubwa, sura baada ya sura, na mwishoni Rehema wangu akafa akijifungua, kijiji kizima kikajuta. Nililia nilipokuwa naandika. Nikaamini kwamba kama nimelia basi ni kazi nzuri.

Nikampelekea jirani yangu, Mwalimu Sichalwe, aliyefundisha Kiswahili sekondari hadi alipostaafu. Alikaa nayo wiki mbili, akaja kwangu na madaftari kwapani.

"Mama Neema," akasema, "habari ipo. Lakini msichana wako anaongea kama waraka wa serikali. Kuna mtoto gani wa kidato cha pili anayesema 'ninasikitika kukujulisha'?"

"Basi atasemaje?"

"Nenda ukawasikilize. Halafu niambie kitu kingine. Huyu Rehema umemtoa wapi? Maana ile barua ya kumfukuza shule haikubuniwa."

Sikuwahi kumwambia mtu. Nilimwambia yeye. Akasema, "Kabla ya kwenda kwa mchapishaji yeyote, nenda kwanza kwa mwenyewe."

Kuwasikiliza vijana kulikuwa furaha. Nilikwenda Tunduma mara kwa mara, nikakaa kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, na kuandika wanavyosema: "ananizingua", "freshi tu", "mama yangu hataki stori", na neno moja moja la Kibemba walilookota kwa wateja wa ng'ambo ya mpaka. Kumtafuta Tumsifu ndiko kulikoniogopesha. Niliuliza kwa watu wa kwao, nikaambiwa ameolewa Ivuna na anafanya kazi ya chumvi. Nikapanda gari nikiwa na madaftari kwenye mfuko wa nailoni.

Nilimkuta nje ya nyumba yake akifunga magunia, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mikono imekauka kwa chumvi. Alinitazama, na kabla sijajitambulisha akasema, "Mama wa dirishani."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Kwamba ni mimi niliyeipiga ile barua. Kwamba nimeandika hadithi inayotokana nayo. Kwamba akisema hapana, nitayachoma madaftari palepale jikoni kwake. Nilitaka kuomba msamaha kwa maneno mazuri niliyoyaandaa njiani, lakini yalipotea, nikasema tu, "Uliniuliza swali, nikakujibu vibaya."

Alinivutia kigoda. "Kaa, mama. Nisomee."

Nikasoma mchana kutwa, naye akiendelea na magunia. Alicheka penye mzaha. Nilipofika kifo cha Rehema, mikono yake ikasimama.

"Kwa nini umemuua?"

"Ili wasomaji wahurumie."

"Mimi sikufa," akasema. "Nilijifungua, nikalea, nikajifunza kazi. Mabinti wakisoma hivi watajua kwamba ukishika mimba kinachofuata ni kaburi. Mwache aishi. Mwache hata agombane na watu."

"Na jina lako?"

"Jina langu lilishaandikwa mara moja, inatosha. Mwite huyohuyo Rehema."

Nilimwahidi kutomtaja, nikarudi Mbozi, nikaandika upya sura nne za mwisho, Rehema akajifunza kuchemsha chumvi. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile. Kumuua mtu kwenye karatasi kulinichukua siku moja. Kumfanya aishi kulichukua msimu mzima wa mvua.

Kuhusu kuchapisha: wachapishaji wawili niliowaandikia, mmoja hakujibu, mwingine alitaka kitabu cha kufundishia. Nikaamua kujichapishia. Niliomba namba ya utambulisho wa kitabu, ile inayowekwa nyuma pamoja na mistari myeusi. Nikapanga kurasa mwenyewe kwenye kompyuta, maana pambizo na aya ndiyo kazi niliyoijua. Mchapaji mmoja wa Tunduma, aliyezoea kalenda na kadi za harusi, akanitolea nakala ya majaribio, yaani kitabu kimoja cha kukaguliwa kabla ya vyote. Nilikipitia kwa rula, mstari kwa mstari, kama nilivyofundishwa. Ukurasa mmoja ulijirudia na mwingine haukuwepo. Kijana wa watu hakuchukia. Alirekebisha, akaniita nije kubonyeza kitufe cha mashine mwenyewe. Nilikibonyeza. Karatasi zikaanza kutoka zikiwa za moto, zina maneno yangu.

Mwalimu Sichalwe aliniombea nafasi nikawasomee wanafunzi kwenye shule moja ya sekondari. Nilimtumia Tumsifu nakala na mwaliko, akasema atakuja kwa kuwa ana mzigo wa chumvi wa kupeleka Tunduma, lakini atakaa nyuma. Nilisoma sura ya kwanza. Mabinti walicheka palipostahili. Siku hizi wanaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua, na mmoja wa waliokuwa mbele, niliambiwa baadaye, alikuwa amerudi. Ndiye aliyenyoosha mkono.

"Bibi, huyu Rehema yupo kweli?"

"Ni hadithi, mjukuu wangu," nikasema, kama nilivyoahidi.

Nyuma kiti kikasogea. Tumsifu alikuwa amesimama.

"Yupo," akasema. "Ni mimi."

Kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza mimi kitu. Walimgeukia wote. Je, ulilia? Nililia sana. Baba yako? Alinichukia mwaka mzima, halafu akampenda mtoto kuliko mimi. Mtoto yuko wapi? Anafundisha hesabu Ileje, na hapigi simu mpaka nimgombeze. Wakacheka, na yule wa mbele akacheka kwa sauti kuliko wengine. Nilikaa kwenye kiti cha mwalimu, kitabu mapajani, nikimshukuru Mungu kwa kuniweka hai nikaiona siku ile. Namshukuru na Mwalimu aliyenituma, na wote walionifundisha kazi, hata yule aliyeniambia ninyamaze, maana alinipa vidole.

Nilimsindikiza Tunduma kwenye gari lililobeba magunia yake. Tulipokuwa njiani akasema, "Mama, kile kipande cha kuchemsha chumvi kwenye kitabu umekikosea. Hatufanyi hivyo kabisa."

"Mbona siku ile nilipokuwa kwako hukuniambia mnavyofanya?"

"Nilikuwa nasubiri uniulize."

Basi nikatoa kalamu, nikamuuliza. Akaanza na udongo unavyochujwa, na tulipofika Tunduma alikuwa bado hajafika kwenye moto.