Mahojiano ya Jikoni

Binti yangu, mtangazaji wa redio Butembo, alikuwa akizunguka kuwahoji wanasaikolojia wakubwa wa kwetu kuhusu maisha yao wenyewe. Wa mwisho aliishi Beni, mama wa umri wangu. Nilikwenda kushika mashine ya kurekodi.

Yule mama hakujibu; kila swali alimrudishia binti yangu. Mwishowe akanigeukia.

"Na wewe, papa, unalala muzuri?"

Kosa langu ni kwamba nilijibu. Nilisimulia maisha yangu mpaka binti yangu akazima mashine.

"Papa, tulikuja juu ya mama, hapana juu yako."

Kwa aibu nikamfuata mama jikoni, ambako kwetu mgeni mwanaume haingii, nikaanza kumenya viazi vya Lubero tulivyomletea.

Mama akacheka. "Donc, yaani unatupa kiazi, unabakisha ganda? Mama yangu angekuchapa. Mimi alinichapa juu ya hiyo, nikakimbilia kwa masista, na huko ndiko nilianza kusoma."

Binti yangu akatufuata, akawasha mashine taratibu, akaiweka karibu na jiko. Mama akaendelea kusimulia huku akinifundisha kushika kisu, nami nikaendelea kumenya vibaya, sasa kwa makusudi.