Mpaka wa Herufi M

Miaka ya tisini, nikiwa mgeni Changamwe kutoka upande wa ziwa, niligawa kwa mipaka jedwali la wateja wa ofisi yetu kwenye kompyuta ili litafutike upesi. Usiogope neno mpaka. Ni kuiambia mashine tu, majina haya yakae hapa, yale pale. Nilifuata kitabu cha ng'ambo, kila herufi nikaipa sehemu yake. Sehemu ya M ikafurika, na mashine ikazidi kusuasua.

Mama karani wa pale ofisini akacheka. "Wallahi mwanangu, Pwani sote ni M!"

Katika sehemu ya O, kwa kuwa nami nilikuwa mteja, nilikuwamo mimi peke yangu. Basi M nikaikata vipande viwili, na O nikaiunganisha na N na P. Jina langu likapata majirani. Mimi nikafunga ofisi, nikarudi chumbani kwangu, peke yangu.