Upande wa Ubavu Mbovu

Gwon Dal-su alikuwa mkali kama pilipili, na jengo zima la mafundi pale mtaani Jongno lilimjua. Kazi yake ilikuwa kufungua picha zilizoshindikana: picha za harusi zilizokwama kwenye diski za kompyuta zilizokufa, ramani za mitaa iliyokwisha kubomolewa, picha za hospitali ambazo mashine za leo hazizitambui. Alizibadili zikafunguka popote. Mteja aliyemharakisha alirushiwa bisibisi.

Mtu mmoja tu aliweza kumtania. Huyo ni Tae-mun, bondia aliyembebea mizigo ngazini na kula naye supu ya mifupa mchana.

"Ami, leo umeshampiga nani?"

"Nakungoja wewe, fahali mzima. Kula, Jumamosi utachapwa."

Siku chache kabla ya pambano, Pil-gu, mkubwa wa wacheza kamari aliyemwekea dau mpinzani, aliingia na vijana wake wawili, akafunga mlango, akatupa diski mezani. Ndani yake mlikuwa na picha ya mbavu za Tae-mun, iliyopigwa zamani baada ya kugongwa na pikipiki.

"Ubavu mmoja haukuunga vizuri," alisema. "Mashine iliyoipiga ilishatupwa, hakuna mwingine anayeweza kuifungua picha hii. Ni upande gani, mzee?"

"Kamuulize mama yako."

Wakauingiza mkono wake wa kushoto kwenye jiliwa la kubania vyuma pale mezani, wakakaza. Kidole cha kwanza kilivunjika, akawatukana. Cha pili kilipovunjika, akakubali.

Mashine ile ilihifadhi kila mstari wa picha kinyume, kulia kukawa kushoto, na mwishoni fundi alipaswa kuipindua. Dal-su, damu ikitonea kibodi, hakuipindua. Akaikata pia sehemu ya moyo, wasije wakauona uko kulia wakashtuka.

"Kushoto," alisema. Ubavu mbovu ulikuwa wa kulia.

Hakumwambia Tae-mun. Angemwambia, kijana angechukua nondo akamfuata Pil-gu, nao wangemuua kabla ya Jumamosi. Alisema tu kwamba mlango umembana vidole.

Jumamosi alikaa karibu na ulingo, bandeji mkononi. Mpinzani alianza moja kwa moja na ubavu wa kushoto. Ngumi zililia kama mtu anayetwanga nyama. Dal-su akacheka peke yake. Piga, mjinga, piga, huo ni mzima!

Kisha kicheko kikamkauka. Tae-mun alikuwa amebana kiwiko ubavuni kulia, kama alivyofanya tangu siku ile ya pikipiki, na hakukiondoa hata kidogo. Mtu hulinda kidonda chake. Kushoto palikuwa wazi kabisa.

"Shusha mkono wa kushoto!" Dal-su alipiga kelele hadi sauti ikakatika. "Kushoto, mwanangu!"

Hakusikika. Tae-mun alipiga goti, akainuka, akapigwa palepale tena, akatapika damu kwenye turubai. Bandama lilikuwa limepasuka. Alifia kwenye gari la wagonjwa, kabla hawajavuka daraja.

Pale hospitalini Pil-gu alikuja na suti nyeusi, akainama kwa adabu, akamkabidhi Dal-su bahasha nene kwa mikono miwili.

"Ahsante, mzee," alisema. "Picha yako ilikuwa sahihi kabisa."

Dal-su akamrukia kooni na ule mkono mmoja mzima, na walihitajika watu watatu kuwaachanisha.